Majivu Hayajazolewa

Toyo, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, ilikuwa imeshawashwa, inatetemeka mbele ya nyumba na kutoa moshi mweusi, na mkeka wa Nikolao ulikuwa juu yake. Kilichobaki ni jembe, na jembe halikupakiwa. Edmund alikuwa ameshasema, kwa sauti ya kusikiwa na majirani waliosimama kwenye nyua zao wakijifanya wanageuza makopa ya muhogo juani, kwamba jembe atalibeba mwenyewe begani, apite nalo kijiji kizima cha Namdimba mpaka pale barabara inapoanza kuteremka bondeni. Ndivyo mgane anavyorudishwa kwao. Mwanamume aliyekuja kuoa huku juu, akakaa ukweni, akalima ardhi ya mkewe, mke akifa na arobaini ikapita, hurudishwa kwa ndugu zake na mkeka wake na jembe lake. Jembe likishavuka mteremko, alichokipanda kinabaki na ardhi, na ardhi ni ya ukoo wa mke. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuisahau.

Nikolao hakubisha. Alikuja Namdimba akiwa kijana wa kwaya kutoka Lulindi, na sasa nywele za kifuani zilikuwa nyeupe. Shamba alilopewa lilikuwa pori la miiba, akalifanya shamba la mikorosho. Lakini siku ya arobaini ya Dorika mkewe, mbele ya padri na watu, Edmund, ambaye ni kaka wa marehemu na ndiye msemaji wa ukoo, alisimama akatamka kwamba nyumba na mikorosho ni ya Huruma. Huruma ndiye mtoto pekee wa Nikolao na Dorika. Alirudi kutoka kwenye ndoa yake na watoto wawili, akawa analala nao kwenye jiko la nyuma. Mtoto ni wa ukoo wa mama, ardhi ni ya ukoo wa mama, basi maneno ya Edmund yalikuwa sawa kabisa na mila. Nikolao akajisemea moyoni, nikiondoka kwa heshima, mwanangu atabaki kwa heshima. Ndiyo maana alivaa shati la kanisani na kunyamaza.

Kunyamaza huko ndiko watu walikokutumia vibaya.

Mke wa Edmund, Mama Joel, alipanda nyuma ya toyo akaukunjua mkeka, watu wote wakitazama. Akatoa birika. Akauliza birika hili ni la nani, Nikolao akajibu kwamba ni la marehemu. Likashushwa. Akatoa blanketi.

"Na hili?"

"Hilo nililinunua mimi. Pale Masasi."

"Ukamfunika nani?"

Jirani mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Blanketi nalo likashushwa. Ikaja zamu ya mashine ya kupulizia mikorosho salfa, ile ya kubeba mgongoni, ambayo dereva Abdulrazaki alikuwa ameifunga vizuri kwa mpira pembeni. Nikolao alikuwa ameibeba msimu wote tangu Juni, alfajiri baada ya alfajiri, mpaka macho yakawa mekundu kama ya mlevi. Edmund aliifungua mwenyewe.

"Shemeji, mashine hulala ilipo mikorosho," alisema, tena kwa upole. "Kwenu Lulindi unayo mikorosho mingapi?"

Nikolao hakuwa nao hata mmoja. Huko kwao alikuwa na haki ya shamba kwa upande wa mama yake, lakini haki isiyopandwa kitu haina kivuli.

Mgane hurudishwa na mbuzi, ili ndugu zake wajue kwamba aliishi vizuri na watu. Edmund alileta kuku. Tena kuku wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, akawekwa juu ya mkeka. Abdulrazaki alimtazama yule kuku, akamtazama Edmund, kisha akasema kwamba yeye ni dereva tu, ila huko chini wakiuliza mbuzi yuko wapi, asije akaambiwa amemla njiani.

Huruma alitoka jikoni na kanga mbili na kikapu. Mjomba wake alikuwa amemwagiza amsindikize baba yake mpaka Lulindi na akae huko mpaka Jumapili, kwa kuwa binti anayemtupa baba yake mlangoni mwa ndugu na kugeuza siku hiyohiyo anawaaibisha wote. Aliona ni haki. Watoto aliwaacha kwa Bibi Veridiana, dada mdogo wa bibi yake mzaa mama, mwanamke mkongwe kuliko wote katika ukoo, ambaye siku hizi hakuna aliyekuwa akimuuliza jambo.

"Mjomba, ufunguo wa nyumba nikuachie wewe au niende nao?"

"Niachie," Edmund alisema. "Kuna kuku wa kulishwa."

Akampa.

*

Msafara haukuwa mkubwa. Toyo ilitangulia polepole na mkeka na kuku, Edmund na mkewe wakafuata, kisha Nikolao na jembe, na Huruma nyuma yake. Huku juu uwandani mchanga ni mwekundu na laini, miguu inazama, na mwezi wa kumi harufu ya mabibo inakuwa kila mahali, tamu na chachu pamoja. Kila mkorosho walioupita ulikuwa na mabibo yaliyoanza kuanguka. Nikolao alijitahidi asitazame chini ya miti. Mkulima wa korosho akiona korosho chini mkono wake unainama wenyewe.

Watu waliwaamkia. "Shikamoo, Baba Huruma." "Marahaba." Wengine walimshika mkono kwa mikono miwili. Mzee mmoja alimwambia, si kwa ubaya, kwamba ndivyo ilivyo, hata yeye mkewe akitangulia atarudishwa kwao, na huko kwao hakuna anayemjua tena isipokuwa mbwa, na mbwa wenyewe wamekufa. Watu walicheka kidogo. Nikolao naye alicheka. Jembe lilianza kumuuma bega, akalihamishia upande wa pili.

Namdimba inaishia ukingoni. Nyumba za mwisho zimekaa kama zinachungulia bondeni, kisha barabara inakatwa na mteremko, nyembamba, ukuta wa udongo upande mmoja na korongo upande mwingine. Hapo ukingoni kuna kibanda cha kuuza uraka, ile pombe ya mabibo, na chini ya kibanda hicho, msimu wa mabibo ukifika, humkosi Safari.

Safari alikuwa fundi baiskeli mwenye spana mbili na kiu kubwa. Kijijini hakuhesabiwa. Alichokuwa nacho ni kimoja tu: ukoo wake na ukoo wa Dorika walikuwa watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Huku mtani ndiye anayekuchimbia kaburi, ndiye anayekutukana msibani watu wacheke, na matanga yakiisha ndiye anayezoa majivu ya ule moto uliokesha uani, akayatupa njia panda, akalipwa kuku wake. Siku ya maziko ya Dorika, Safari alijilaza ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe kitoweo, akidai marehemu alikuwa akimnyima ugali tangu utoto. Hata Nikolao alicheka siku ile, machozi yakimtoka. Lakini siku ya arobaini Safari hakuitwa. Edmund alisema wao ni watu wa kanisa, padri amesali inatosha, na hana kuku wa kumlisha mlevi.

Toyo ya Abdulrazaki ilifika ukingoni ikasimama. Kulikuwa na toyo nyingine inapanda kutoka bondeni, imeelemewa, inanguruma kwa gia ya kwanza. Njia haikutosha mbili. Abdulrazaki akamwambia mwenzake arudi nyuma, mwenzake akasema na mzigo huu arudi nyuma aingie korongoni, rudi wewe. Abdulrazaki akasema yeye amebeba mgane, na mgane harudi nyuma hata hatua moja.

Juu ya ile toyo kulikuwa na kitanda cha mbao kilichofunguliwa vipandevipande, godoro la maua, masufuria, ndoo, beseni. Juu ya godoro alikaa mwanamke kijana mwenye mimba kubwa. Kando ya toyo alitembea kijana mrefu akiwa ameshika jiwe la kuzuia tairi. Alikuwa Joel, mtoto wa kiume wa Edmund, na yule mwanamke alikuwa Gift, mkewe.

Joel alipomwona Nikolao alivua kofia. "Shikamoo, baba. Pole kwa safari."

"Marahaba, mwanangu. Mnakwenda wapi na kitanda?"

Joel alikuwa kijana mkweli, na hilo ndilo kosa lililoharibu mpango wote wa baba yake. Aliangalia huku na huku, akaona kila mtu ananyamaza, akadhani ananyamaziwa yeye ajibu.

"Si pale kwa shangazi. Baba alisema nyumba itakuwa wazi kuanzia leo."

*

Abdulrazaki alizima injini. Yule mwingine naye akazima. Sauti iliyobaki ni ya yule kuku wa kishingo.

Nikolao alikuwa tayari amefika mahali barabara inapovunjika. Uso wake ulitazama bondeni, na hapo ndipo alipokwama, maana mgane aliyekwisha kutolewa hageuzi uso kuitazama nyumba ya marehemu. Akigeuka, anavuta maiti nyingine nyuma yake, na watu hawaulizi itakuwa ya nani, wanasubiri tu. Basi alisimama vilevile, jembe begani, mgongo kwa watu wote, akaongea na bonde.

"Shemeji. Joel anahamia wapi?"

"Hayo ni mambo ya ukoo," Edmund alisema nyuma yake. "Wewe umeshaaga."

"Mjomba," Huruma alisema, "ulisema mbele ya padri."

"Nilisema, na sijakataa. Nyumba ina vyumba. Utakaa na mwenzio."

"Na mikorosho?"

"Mikorosho inataka mwanamume. Wewe utabeba mashine?"

"Mwaka jana mama alipolazwa hospitali ya Ndanda miezi miwili, na baba yuko kando ya kitanda chake, mikorosho ilijipulizia yenyewe?"

Mama Joel akasema kwamba mtoto wa kike akishaachika mdomo unakuwa mrefu. Huruma alimtazama mjomba wake mkononi, pale alipokuwa ameufumbata ufunguo wa nyumba, na ndipo akaelewa kwa nini alitakiwa akae Lulindi mpaka Jumapili. Mpaka Jumapili kitanda kingekuwa kimeshafungwa, godoro limeshalaliwa, moto umeshawashwa jikoni. Huku mtu aliyewasha moto ndani ya nyumba hatolewi kirahisi, sembuse mwenye mimba.

Edmund alizunguka, akaenda kusimama mbele ya Nikolao, upande wa mteremko, wawe uso kwa uso. Akashusha sauti. Ni Huruma tu aliyekuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Nikolao, wewe ni baba kama mimi. Joel wakwe zake wamemfukuza kule Chidya. Wamesema anakula tu. Anakata mkaa, anafukuzwa na mkaa. Mke ana mimba. Nimweke wapi?"

"Kwa wajomba zake."

"Wajomba zake wana ardhi kama kiganja. Wewe una bahati, mtoto wako ni wa humu. Mimi watoto wangu wote ni wa kwao. Nimelinda ardhi hii maisha yangu yote, na siwezi kumpa mwanangu hata shimo la muhogo. Wewe mgeni unamwachia wako, mimi mwenyeji simwachii wangu. Ni haki hiyo?"

Nikolao hakuwa amewahi kumsikia akizungumza hivyo.

"Ungeniambia," Nikolao alisema.

"Ningekuambia, ungeondoka?"

Nikolao alimsikia Gift akiomba maji, na Joel akimshusha kwenye godoro taratibu. Bega lilikuwa linawaka moto. Akafikiri, nikibaki hapa nitamgombanisha mwanangu na mjomba wake, na baada yangu hana mwingine wa kumsemea. Nikienda, atakaa chumba kimoja na kuokota korosho zake mwenyewe kama kibarua. Yote mawili yalikuwa mabaya. Lakini la kwenda alilielewa, kwa sababu alikuwa ameshalianza.

"Huruma," alisema, "twende."

"Baba."

"Twende, mwanangu."

Akanyanyua mguu.

*

"Jamani, hivi nani kafiwa hapa?"

Safari alikuwa ametoka kibandani na kikombe chake cha plastiki. Alitembea akiyumba kidogo mpaka katikati ya zile toyo mbili, akatazama godoro la maua, akatazama mkeka, akanywa, halafu akajilaza chali katikati ya barabara, kikombe akakisimamisha kifuani.

Abdulrazaki alimwambia ainuke, yeye anatafuta riziki. Safari akasema na yeye pia, na ya kwake imecheleweshwa tangu arobaini.

"Edmund," aliita, "nasikia mmemaliza matanga. Hongereni. Nani kazoa majivu?"

Watu walianza kusogea kutoka nyumba za mwisho, mmoja mmoja, kama watu wasio na haraka.

"Nauliza tu. Mimi ni mlevi, labda nilizoa nikasahau."

"Nimezoa mimi, asubuhi ya leo," Mama Joel alisema. "Majivu ni majivu. Tungekusubiri wewe mpaka ulevuke?"

"Umezoa wewe. Ukayatupa wapi, mke wa mtani?"

"Nyuma ya choo."

Mama Joel aliyatamka maneno hayo kwa hasira, na alipoyasikia mwenyewe akashika mdomo. Mwanamke mmoja katika watu alisema taratibu, Dorika jamani, nyuma ya choo.

"Basi matanga yapo," Safari alisema, bado amelala, kwa sauti ya mtu anayeeleza kasoro ya baiskeli. "Msiba umelala ndani ya nyumba, umejifunika blanketi la mgane, unasubiri wageni. Karibuni. Kitanda mmekuja nacho."

Gift ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa amesimama ameshika kiuno, uso umepauka kwa vumbi.

"Mama," alimwambia mama mkwe wake, "mimi silali humo."

"Usimsikilize huyo mlevi."

"Silali humo na tumbo hili. Joel, silali. Bora nikalale kanisani."

"Hakuna mtu wa kulala kanisani," Edmund alisema. Alikuwa amepanda tena barabarani, anahema. "Safari, ondoka. Kuku utapewa."

"Sitaki kuku. Kuku huyo wa kishingo mpelekeeni Askofu." Watu walicheka, na kicheko hicho kilimchoma Edmund kuliko maneno yenyewe. Safari akaendelea. "Nataka kuuliza, maana mimi sikusoma. Unamtoa Nikolao kwa mila, sawa, mwanamume huyu aliolewa, na aliyeolewa hurudishwa kwao. Sasa Joel unamwingiza kwa nini? Ni wa tumbo gani? Au Dorika alizaa mtoto wa kiume tukiwa tumelala?"

Ilikuwa ni utani. Kila neno lilikuwa la utani, na kila mtu alijua ni kweli tupu. Lakini mtani hajibiwi isipokuwa kwa utani. Mtu akitaniwa juu ya maiti ya mama yake mzazi, anameza. Edmund alimeza maisha yake yote, na siku ile koo ilikataa. Alimpiga teke. Teke lilikipata kikombe na mbavu pamoja, uraka ukamwagika usoni kwa Safari, kikombe kikabingirika kikaingia korongoni, na watu wakasikia kinavyogonga mawe mpaka chini.

Safari hakuinuka. Alijifuta uso kwa kiganja, akalamba kiganja.

"Mmeona," alisema. Mara hii hakuwa akitania.

Mtani hapigwi. Huku unaweza kumpiga kaka yako mkapatana kwa pombe. Ukimpiga mtani msibani umekata kamba iliyofungwa na watu waliokwisha kuoza, na siku yako ikifika hakuna wa kukuchimbia. Wazee wawili waliokuwa upande wa Edmund walisogea mbali naye, hatua chache tu, lakini kila mtu aliziona. Mtu mmoja alishapanda pikipiki kwenda kumchukua Bibi Veridiana.

*

Alikuja amekaa upande, mtoto mdogo wa Huruma mgongoni kwake, kilemba kimelegea. Alikuwa na hasira kabla hajashuka. Hakutaka kueleza wala kuelezwa kwa urefu. Aliuliza kama ni kweli mtani amepigwa, akaambiwa kweli. Akauliza majivu yametupwa wapi, akaambiwa. Akamgeukia Edmund.

"Mimi niliulizwa?"

"Mama mdogo, nilitaka..."

"Nakuuliza, niliulizwa? Nimebaki mwanamke wa mwisho wa tumbo lile. Mwanamume katika ukoo ni mdomo tu, tumbo ni sisi. Unahamisha kitanda kwenye ardhi ya mama yangu, mimi nasikia kwa mwenye pikipiki."

Edmund alisema Joel hana pa kukaa. Bibi akasema hilo ni kweli na linasikitisha, na Joel ni mtoto mzuri, amemwona tangu anatambaa. "Lakini ukimpa yeye leo, kesho mpwa wako atampa wa kwake, na keshokutwa wajukuu zangu wataomba maji kwao wenyewe. Lete ufunguo."

Edmund hakuutoa mara moja. Alimtazama Joel, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake. Halafu alifungua kiganja. Bibi Veridiana aliuchukua ufunguo, akampa Huruma, bila kumtazama Huruma, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake.

"Na wewe, Baba Huruma," aliuambia ule mgongo uliosimama ukingoni, "usifurahi. Mila ni mila. Utaokota korosho zako mpaka ziishe, chini ya binti yako. Majivu yatazolewa na mwenye kuzoa. Halafu utakwenda kwenu, na mbuzi. Si kuku."

"Nimesikia, mama," Nikolao alisema.

Lakini hakugeuka. Hakuweza. Watu wote walisubiri, mpaka Safari akajiinua kwa shida, mkono ubavuni, akaenda akasimama nyuma yake. Alilitoa jembe begani. Kisha akamshika masikio yote mawili, kama anavyoshikwa mtoto mtoro wa shule, akamzungusha polepole mpaka uso wake ukaelekea kijijini.

"Haya, bibi harusi," alisema. "Umeachika, umerejewa."

Watu waliangua kicheko, hata Mama Joel. Nikolao alisimama pale masikio yakiwa mikononi mwa mlevi, mbele ya binti yake na kijiji kizima, na kwa mara ya kwanza tangu Dorika afe akalia kwa sauti.

Jembe Safari alitangulia nalo. Alilikita chini ya mkorosho wa kwanza wa shamba, akasema lisiguswe mpaka yeye atakapozoa. Hapakuwa na majivu ya kuzoa, basi Bibi Veridiana aliamuru moto uwashwe upya uani, ukeshe, yapatikane mengine.

*

Nikolao na Huruma waliokota korosho mpaka mwisho wa msimu. Bei haikuwa mbaya wala nzuri. Safari alizoa majivu wiki ya Krismasi, akayatupa njia panda, akapewa kuku wake na kuku wa pili wa mbavu. Edmund alitozwa mbuzi kwa lile teke. Alimtoa, lakini hakwenda kumla.

Januari Nikolao aliteremka Lulindi na mkeka, blanketi, na mbuzi. Huruma alimsihi abaki, na huenda Bibi angefumba macho, lakini alisema hawezi kuwa mgeni chini ya miti aliyoipanda. Anakaa barazani kwa kaka yake Bartholomayo, mzee wa kanisa, na amepanda mikorosho kwenye shamba la upande wa mama yake. Itakapoanza kuzaa vizuri yeye atakuwa mzee wa kukokotwa. Anajua.

Joel na Gift walishusha kitanda Masasi mjini. Joel anaendesha toyo ya mtu. Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Edmund bado ni msemaji wa ukoo, kwa kuwa hakuna mwanamume mwingine, ila siku hizi kabla ya kusema anapita kwanza kwa Bibi. Yeye na Huruma wanasalimiana, shikamoo na marahaba, basi. Edmund hajapita tena karibu na lile shamba. Mama Joel anapita.

Safari alikufa masika yaliyofuata. Alikutwa asubuhi chini ya kibanda na spana zake mfukoni. Kwa kuwa hakuwa na kitu, watu walikuwa wachache. Huruma alijilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe kikombe cha uraka, na alipopewa alikimwaga humo ndani. Majivu yake alizoa yeye.

Bibi Veridiana yu hai, hasikii vizuri.

Jembe halikwenda Lulindi. Huruma analilimia. Mpini amebadilisha.